Msongo wa mawazo kwa mwanafunzi wa biashara: Hesabu isiyofundishwa darasani

MWEZI unapokuwa mpevu, ufukwe wa Kibirizi mjini Kigoma hupoa. Vipe vinavutwa kando, nyavu zinashonwa, na akina mama wanaoanika dagaa wanakaa bila cha kuanika. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa kufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikishatanda juu ya ziwa, taa hazina nguvu tena, na kwa siku kadhaa kila mwezi fedha huwa adimu kuanzia Kibirizi hadi Katonga. Familia za ufukweni zinalijua jambo hilo na zimejifunza kuishi nalo.

Hata hivyo, katika familia hizo yupo mtu ambaye kalenda yake haiujui mwezi. Huyu ni kijana anayesoma uhasibu, ununuzi na ugavi, masoko au usimamizi wa biashara. Ada ina tarehe yake ya mwisho, mtihani una tarehe yake, kazi ya kikundi ina tarehe yake na mwenye nyumba naye ana tarehe yake. Tarehe hizo zikiangukia siku za mbalamwezi, kijana anaingia chumba cha mtihani huku mawazo yake yote yakiwa kwenye deni.

Suala hili linatuhusu. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina kampasi mkoani Kigoma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake hapa. Vijana wengine wa Kigoma hupanda treni au basi kwenda Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, ambacho kilianza mwaka 1965, au kwenda Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyuma ya kila mmoja wao kuna mzazi anayevua, anayekamua mawese, anayelima maharage au anayeuza duka dogo. Msongo wa mawazo wa kijana huyo ni suala la kiuchumi la familia nzima, na ndiyo maana linastahili nafasi katika ukurasa wa biashara na kilimo.

Mimi si daktari wala mwanasaikolojia. Ni mchumi wa kilimo, na nimeupitia msongo huo mwenyewe.

Foleni ya dirisha la mhasibu

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mama yangu alikuwa akikamua na kuuza mawese Ujiji. Asubuhi ya mtihani wa takwimu nilikuwa bado sijapewa kibali cha kuingia chumba cha mtihani kwa sababu ya ada iliyobaki. Fedha aliyotuma mama iliingia saa mbili kasoro, mtihani ulianza saa tatu, na foleni ya dirisha la mhasibu ilikuwa imefika uwanjani. Nilipata kibali, nikakimbia, nikaketi dakika chache baada ya wenzangu kuanza.

Maswali yaliyokuwa kwenye karatasi ile nilikuwa nimewafundisha wenzangu wiki moja kabla. Siku hiyo sikuweza kukumbuka hata kanuni ya kwanza. Nilisoma swali la kwanza mara nne bila kulielewa. Matokeo yalipotoka nilikuwa na supu.

Nilirudia mtihani na nikafaulu, lakini mama sikumwambia ukweli. Nilimwambia mtihani ulikuwa mgumu. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa tayari nimeajiriwa, tulikuwa tumekaa barazani nikamsimulia kisa chote. Akaniangalia kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, kwa nini hukusema mapema? Madumu yalikuwa ndani. Nilikuwa nasubiri bei ipande."

Maneno hayo yalinifundisha zaidi ya muhula mzima wa uchumi. Mama alikuwa na mali. Kama wakamuaji wengi wa Kigoma, alikuwa amehifadhi mawese akingoja msimu wa mavuno upite ili auze kwa bei nzuri. Ulikuwa uamuzi sahihi wa kibiashara kwa mtu asiyejua tarehe ya mtihani wa mwanawe. Angejua, angeuza madumu mawili mapema kwa bei ya chini kidogo. Hasara ya madumu hayo ingekuwa ndogo kuliko gharama ya kurudia mtihani, nauli ya kurudi chuoni kabla ya wenzangu na miezi miwili niliyoishi kwa hofu.

Fedha ilikuwapo na tarehe ilijulikana, ila havikukutanishwa kwa sababu mtu mmoja alinyamaza. Kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa ya msongo wa wanafunzi wa vyuo vyetu ni ya namna hiyo.

Msongo ni nini hasa

Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye aliyekuwa akifanya kazi nchini Canada alieleza jinsi mwili unavyoitikia mashaka ya aina yoyote ile kwa namna inayofanana. Tangu wakati huo wataalamu wameeleza vizuri zaidi kinachotokea: homoni za adrenalini na kotisoli hupanda, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na mwili hujiandaa kupambana au kukimbia. Hali hiyo inafaa sana ukikutana na mamba. Haifai kwa mtu anayetakiwa kukaa saa tatu akisawazisha mizania ya hesabu.

Ikumbukwe pia kuwa si kila msongo ni mbaya. Mwaka 1908 Wamarekani Robert Yerkes na John Dodson walifanya majaribio kwa panya na kuona kwamba kishawishi kidogo humfanya mnyama ajifunze haraka, lakini kikizidi humvuruga. Waliona pia kuwa kazi ikiwa ngumu, kiwango cha msukumo kinachofaa huwa cha chini zaidi. Mwanafunzi anaweza kuchukua funzo hapo. Presha ya kesho kuna mtihani inaweza kukusaidia kupanga madaftari na kuhesabu vitini vilivyobaki. Haikusaidii kuelewa kodi ya ongezeko la thamani kwa mara ya kwanza saa saba usiku.

Dalili za msongo uliozidi zinafahamika: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kichwa kuuma mara kwa mara, kukosa hamu ya kula, hasira za haraka, kusahau, kukwepa vipindi na kujitenga na marafiki. Mwanafunzi mwenye dalili hizi mara nyingi husemwa kuwa mvivu au mwenye majivuno. Wengine hudai amerogwa. Yeye mwenyewe huanza kuamini kuwa hana akili.

Funzo la wakulima wa miwa

Suala la akili linahitaji ufafanuzi, na ufafanuzi mzuri umetoka shambani. Mwaka 2013 jarida la Sayansi la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa hupata fedha nyingi kwa mara moja, wakati wa mavuno. Kabla ya mavuno huwa amekaukiwa, baada ya mavuno huwa na nafasi.

Watafiti waliwapima wakulima wale wale mara mbili, kabla na baada ya mavuno, kwa maswali ya kupima uwezo wa kufikiri. Mkulima yule yule alifanya vibaya alipokuwa hana fedha na akafanya vizuri zaidi alipokuwa nazo. Elimu yake ilikuwa ile ile na kichwa kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni mzigo uliokuwa umekalia mawazo yake. Mtu anayewaza atalipaje deni anabakiwa na nafasi ndogo ya kuwazia jambo jingine.

Mwanafunzi wa Kigoma aliyekaukiwa fedha wiki ya mitihani ni sawa na yule mkulima wa miwa kabla ya mavuno. Akifeli, asikimbilie kusema hana akili. Ajiulize kwanza ni mambo mangapi yaliyokuwa yamekaa kichwani pamoja na somo.

Miezi mitatu ya mwaka 2024

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Lengo lilikuwa kulinda rasilimali ambayo imekuwa ikipungua, na makala haya hayabishani nalo.

Hata hivyo, tazama kalenda. Katika vyuo vingi mitihani ya mwisho wa muhula wa pili huangukia Juni na Julai. Hiyo ina maana kwamba mwaka ule familia inayotegemea ziwa ilikuwa haina kipato katika wiki zile zile ambazo ada ya mwisho inadaiwa, chumba kinadaiwa na mtoto anahitaji utulivu kuliko wakati mwingine wowote.

Mchumi hutofautisha misukosuko ya aina mbili. Kuna msukosuko usiotabirika kama ugonjwa au dhoruba, na kuna unaojulikana kabla. Kufungwa kwa ziwa kulitangazwa mapema. Mbalamwezi inajulikana mwaka mzima. Msimu wa mawese unajulikana. Tarehe za mitihani huwekwa kwenye almanaki ya chuo mwaka wa masomo unapoanza. Msukosuko unaojulikana kabla unaweza kupangiwa mapema, ukaacha kuwa dharura.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mwanafunzi ni huu. Mwanzoni mwa muhula chukua karatasi moja kubwa. Andika tarehe zote za chuo: majaribio, kazi za vikundi, mitihani, mwisho wa kulipa ada. Chini yake andika tarehe za fedha za nyumbani: siku za giza na za mbalamwezi kama wazazi wanategemea dagaa, miezi ya mavuno kama wanategemea maharage, kahawa au michikichi. Mahali ambapo tarehe ya kulipa imeangukia kipindi kikavu, weka alama nyekundu. Nakala moja mpelekee mzazi. Kama hasomi, mpigie simu umsomee.

Bumu si mshahara

Wanafunzi wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wana kalenda nyingine ya fedha. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Bumu la siku 60 kwa kiwango hicho ni Sh600,000, fedha ambazo vijana wengi hawajawahi kuzishika kwa mkupuo katika maisha yao.

Tufanye hesabu ya mfano. Kijana anatenga Sh80,000 za chumba cha miezi miwili, Sh60,000 za fotokopi, vitini na bando, na Sh60,000 za dharura. Anabaki na Sh400,000 za chakula, nauli na mahitaji mengine kwa siku 60, ambazo ni kama Sh6,600 kwa siku. Kwa Kigoma mtu anaweza kuishi kwa kiasi hicho akijipikia na wenzake.

Sasa tuseme wiki ya kwanza ametumia Sh150,000 kwa simu mpya ya mkopo, chipsi kuku na kuwanunulia marafiki soda. Zimebaki Sh250,000 kwa siku 53, yaani Sh4,700 kwa siku. Kosa la wiki moja limemnyang'anya karibu theluthi moja ya mlo wake kwa wiki saba na nusu zinazofuata. Wiki hizo ndizo zenye majaribio.

Dawa yake ni ya zamani. Siku bumu linapoingia, ondoa kwanza fedha za chumba, za masomo na za dharura, uziweke kwenye akaunti nyingine au kwa mtu unayemwamini. Zinazobaki jilipe kila Jumatatu kama mfanyakazi anavyolipwa posho. Mwanafunzi anayesomea bajeti za makampuni hana sababu ya kuona aibu kujitengenezea bajeti ya sufuria yake.

Aidha, asisahau kuwa mkopo ni mkopo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe.

Kausha damu na mkeka

Bumu likikata, au kwa asiye na mkopo kabisa, njia mbili hujitokeza haraka kwenye simu. Ya kwanza ni mikopo ya haraka ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Ya pili ni kubeti.

Chukua mkopo wa Sh50,000 wenye riba ya asilimia 15 kwa mwezi. Baada ya mwezi unadaiwa Sh57,500. Usipolipa na riba ikaongezwa juu ya riba, mwezi wa nne deni ni zaidi ya Sh87,000. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefundishwa kanuni hiyo ya riba mchanganyiko, lakini wengi huikumbuka wakiwa tayari wameshabonyeza kukubali. Baadhi ya wakopeshaji wa mitandaoni wamekuwa wakiwapigia simu ndugu na marafiki wa mkopaji na kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha kwa mtandao yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kabla ya kukopa, hakikisha anayekukopesha ana leseni.

Kuhusu mkeka, wastani wa matokeo ya anayebeti lazima uwe hasara, kwa sababu mwenye kampuni hulipa kodi, mishahara na matangazo kutokana na fedha za wanaobeti. Anayetafuta ada kwa njia hiyo anaongeza msongo badala ya kuupunguza, kwani sasa ana deni, mtihani na mechi ya usiku.

Soma kwa kujiuliza

Chanzo kingine kikubwa cha hofu ni njia mbaya ya kusoma. Wanafunzi wengi husoma kitini mara tatu au nne, wakakizoea, wakadhani wamekielewa. Mtihani unapofika wanakuta kitini wanakijua kwa sura tu.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilinganisha makundi ya wanafunzi. Kundi moja lilisoma maandishi na kuyarudia kuyasoma. Jingine lilisoma mara moja kisha likafunga karatasi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42.

Kwa lugha rahisi, funga daftari ujiulize. Baada ya kipindi cha hesabu za gharama, chukua karatasi tupu uandike hatua zote bila kuangalia. Tumia mitihani ya miaka iliyopita ukiwa umeweka saa mezani. Kikundi cha majadiliano kiwe cha kuulizana, si cha kumsikiliza mmoja akisoma. Faida yake kwa msongo ni kwamba unajua mapema usichokijua. Ni afadhali kushtuka wiki ya saba kuliko wiki ya mitihani.

Lugha nayo ina uzito wake. Wengi wetu tumekua tukizungumza Kiha nyumbani na Kiswahili mtaani, kisha tunajibu maswali ya sheria ya biashara kwa Kiingereza. Si aibu kulielewa jambo kwa Kiswahili kwanza. Mwelezee mwenzako dhana ya bima au mkataba kama unavyomwelezea mama yako sokoni, kisha iandike kwa lugha ya mtihani. Anayejaribu kufanya yote mawili kwa pamoja huchoka upesi.

Kahawa ya Kalinzi na usingizi

Mkoa wetu unalima kahawa nzuri ya arabika maeneo ya Kalinzi, na hakuna ubaya kuinywa. Ubaya ni kuinywa saa nne usiku ili kukesha. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano. Kikombe cha saa nne usiku bado kina nguvu nusu saa tisa usiku, wakati mwili unahitaji kulala. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa madukani karibu na vyuo vina kafeini hiyo hiyo pamoja na sukari nyingi.

Usingizi ni sehemu ya kusoma. Wakati umelala, ubongo hupanga na kuhifadhi uliyojifunza mchana. Anayekesha siku mbili mfululizo kabla ya mtihani anafanana na mvuvi aliyejaza mtumbwi dagaa kisha akakataa kuwaanika. Lala walau saa saba. Ukishindwa kulala kwa mawazo, amka uandike kwenye karatasi yote yanayokusumbua na hatua moja ya kesho kwa kila jambo, kisha urudi kitandani.

Mwili nao utoke nje. Kutembea nusu saa jioni kutoka Mwanga kuelekea mjini, au kando ya ziwa upande wa Bangwe, hakugharimu kitu. Mazoezi yanapunguza msongo, na wataalamu wa afya wanalisema hilo bila kusita.

Kuuza dagaa kati ya vipindi

Wanafunzi wengi wa biashara hufanya biashara kweli: dagaa wakavu, mawese ya chupa, vocha, nguo za mitumba. Nawaunga mkono. Biashara ndogo hufundisha mambo ambayo kitabu hakiyafikii, na kipato kidogo cha kila wiki hupunguza hofu.

Lakini pima faida kwa saa, si kwa gunia. Ukipata faida ya Sh15,000 kwa wiki kwa kazi ya saa kumi, unajilipa Sh1,500 kwa saa. Hiyo inaweza kufaa katikati ya muhula. Wiki tatu za mwisho saa hizo kumi zina thamani kubwa zaidi, kwa sababu somo likifelishwa gharama yake ni ada ya kurudia, chumba na muda. Na ukidisko, gharama ni mwaka mzima au zaidi. Panga biashara yako isimame kabla ya mitihani, kama wavuvi wanavyopumzika mwezi unapokuwa mpevu.

Kusema mapema

Hili ndilo gumu zaidi, hasa kwa wavulana waliolelewa kuambiwa kuwa mwanaume hulia moyoni. Sema kwa mzazi ukiwa bado na muda wa kuchagua. Usimwambie tu kuwa mambo ni magumu. Mwambie kiasi, tarehe na kitakachotokea tarehe ikipita. Mzazi mkulima anaelewa tarehe. Sema pia kwa ofisi ya uhasibu ya chuo kabla ya siku ya mwisho, uulize kama ada inaweza kulipwa kwa awamu. Ombi linaloletwa wiki sita kabla husikilizwa tofauti na kilio cha asubuhi ya mtihani.

Ndani ya chuo kuna ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Ipo pia kwa ajili ya matatizo ya namna hii, si kwa ajili ya wakorofi peke yao. Viongozi wa dini, mwalimu unayemwamini na ndugu mkubwa aliyepitia chuo nao ni msaada.

Ikiwa huzuni, hofu au kukosa usingizi kumedumu zaidi ya wiki mbili na kunakuzuia kusoma na kula, nenda hospitali ueleze kama unavyoeleza malaria. Kigoma tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na anayeanzia kituo cha afya cha karibu anaweza kupewa rufaa. Mtu akianza kusema ni bora asingekuwapo duniani, au akigawa vitu vyake bila sababu, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa akili unatibika, na anayeupata si mwehu wala si mwenye imani haba.

Wazazi na vyuo

Wazazi wana sehemu yao. Kijana anapopiga simu, swali la kwanza lisiwe matokeo. Muulize amekula nini. Kumlinganisha na mtoto wa jirani aliyepata kazi benki hakumwongezei alama hata moja. Vilevile familia iamue mapema ni madumu mangapi, magunia mangapi au siku ngapi za giza zitakwenda kwenye ada, kabla fedha haijaingia kwenye harusi na matanga.

Vyuo navyo vinaweza kufanya mengi bila gharama kubwa: kutoweka majaribio yote katika wiki moja, kufungua dirisha la vibali vya mitihani siku kadhaa kabla, na kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza utaratibu wa kulipa kwa awamu siku ya kwanza ya masomo.

Mwenye kudhani haya ni mambo ya kudekeza vijana atazame hesabu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa sonona na wasiwasi uliokithiri huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara inayokaribia dola trilioni moja za Marekani. Mhasibu anayejifunza kuutawala msongo akiwa chuoni ataingia kazini akiwa na ujuzi ambao mwajiri hataulipia mafunzo.

Mama yangu bado anauza mawese Ujiji. Ana mdogo wangu mmoja chuoni, na ukutani kwake karibu na madumu kuna karatasi yenye tarehe tatu zenye alama nyekundu. Mwaka huu aliuza madumu mawili kabla bei haijapanda. Alilalamika kidogo kuhusu bei, lakini mdogo wangu alipata kibali chake siku nne kabla ya mtihani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.